Kapita akitoka inje, darasa linabaki namna gani?



Wakati wa kuchagua makapita umefika, na maneno ni mengi kwenye veranda. Wengine wanasema kapita sharti awe mutu wa sauti kubwa. Wengine wanataka mutu mwenye mwili, kusudi wale wa viti vya nyuma wamuogope. Kuko na wenye kusema inatosha awe wa kwanza kwa pointi. Sisi wa kikundi cha gazeti tuliona vema kuuliza kwa njia ingine: watu wa elimu wenye wamejaribu jambo hili kwa kupima, si kwa kubahatisha, walikuta nini? Kuko elimu inaitwa sikolojia, ni kusema elimu ya kuchunguza mawazo na matendo ya watu. Wachunguzi wake wamepima viongozi kwa miaka mingi: wa jeshi, wa viwanda, wa hospitali, wa vyama vya wakulima. Hatuwezi kuandika yote katika kurasa hizi. Tumechagua yale yenye yanagusa darasa.

Kwanza tuondoe hesabu ya mwili na sauti. Mwaka 1948 Mumarekani mumoja, Ralph Stogdill, alikusanya chunguzi 124 zenye zilifanywa tangu 1904 mpaka 1947 juu ya sifa za viongozi. Alikuta viongozi mara nyingi wanapita wenzao kidogo kwa akili, kwa kutegemewa na kwa kujitia katika kazi. Lakini hakukuta sifa zenye mutu akiwa nazo basi ni kiongozi kila mahali. Mutu anaweza kuongoza muzuri pahali pamoja na kushindwa pahali pengine. Sisi wenyewe tunajua hilo: mwenye kuongoza kwaya bila shida, umupe jembe na watu makumi mawili katika shamba la viazi, utaona.

Kwa hiyo wachunguzi waliacha kuuliza "kiongozi ni mutu wa namna gani" wakaanza kuuliza "kiongozi anafanya nini, na wale anaowaongoza wanakuwa namna gani". Hapo ndipo jambo linakuwa tamu.

Kulikuwa mwalimu mumoja jina lake Kurt Lewin. Alifundisha Berlin, lakini alikuwa Muyahudi, na 1933, wakati Hitler alishika utawala, aliacha Ujeremani akaenda Marekani. Kule, katika chuo kikuu cha Iowa, yeye na vijana wawili, Ronald Lippitt na Ralph White, walifanya jaribio na watoto wanaume wa miaka 10. Walitangaza matokeo yake 1939. Katika jaribio la pili, lenye lilikuwa kubwa zaidi, walifanya vikundi vine, kila kikundi watoto watano. Watoto walikutana kisha masomo kufanya kazi za mikono. Kila kikundi kilipewa mutu mukubwa wa kukiongoza, na kila juma la sita kiongozi alibadilishwa, pamoja na namna ya kuongoza. Viongozi walikuwa wamefundishwa kuigiza namna zaidi ya moja, kusudi mutu asiseme: lo, watoto walimupenda huyu juu ya uso wake tu.

Kiongozi wa namna ya kwanza tumwite wa amri. Yeye peke yake alipanga yote. Alitoa hatua moja, wakimaliza akatoa ingine, hawakujua kesho itakuwa nini. Alichagua nani afanye kazi na nani. Akisifu alisifu mutu, akilaumu alilaumu mutu, na yeye mwenyewe hakutia mukono katika kazi. Angalieni hili: hakuwa mukali wa kupiga watu. Alikuwa tu mwenye kushika yote.

Wa namna ya pili tumwite wa shauri. Aliweka mambo mbele ya kikundi, wakasema, wakachagua. Mutoto akikwama, alionyesha njia mbili ao tatu, akamuacha achague. Wenyewe walijichagulia wenzao wa kazi. Akisifu ao akilaumu, alisema juu ya kazi, haikuwa juu ya mutu.

Wa tatu ni mwenye kuacha. Alileta vyombo, akasema: mukiwa na ulizo, muniulize. Kisha akakaa. Namna hii haikupangwa tangu mwanzo. Watu wanaeleza kwamba White alitaka kuigiza kiongozi wa shauri, lakini kikundi chake kilikuwa tofauti kabisa na vingine vya shauri, na Lewin akaona: hii si shauri, hii ni namna ingine, tuipime vilevile. Hata kwetu kuko wenye kuchanganya hizo mbili. Wanafikiri kuongoza kwa shauri ni kuacha watu wafanye wanachotaka. Jaribio lilionyesha ni vitu viwili tofauti kabisa. Kwa mwenye kuacha, kazi ilikuwa ndogo, michezo mingi, na watoto wenyewe hawakuridhika.

Sasa tuseme haki. Wakati kiongozi wa amri alikuwa ndani, kazi ilienda. Vile vikundi vya amri vyenye vilitii kimya vilifanya kazi karibu robo tatu ya wakati wote. Vya shauri vilifanya karibu nusu tu, juu ya kuzungumza na kucheka katikati. Mwenye kupitia dirishani angesema kiongozi wa amri ndiye muzuri. Lakini wachunguzi walikuwa na werevu: mara kwa mara kiongozi alitoka inje makusudi, nao wakabaki kuandika yenye yanatokea. Kiongozi wa amri akitoka, kazi ilianguka chini ya sehemu moja kwa tatu ya wakati. Kiongozi wa shauri akitoka, kazi ilibaki karibu palepale. Watoto hawakuona sana kama ametoka.

Tunaomba kila musomaji akumbuke saa ya masomo ya mangaribi, mwalimu anapoitwa ofisini.

Kuko jambo lingine katika chunguzi hizi, na sisi tunaliona zito kuliko lile la kazi. Katika jaribio la kwanza la Lippitt, lenye vikundi viwili tu, ugomvi katika kikundi cha amri ulikuwa mara 30 kuliko katika kikundi cha shauri. Ugomvi huo haukuenda kwa kiongozi. Hapana. Watoto walimchagua mwenzao mumoja wakamuangushia hasira yote. Kisha yeye wakachukua wa pili. Vikundi vingine vya amri havikugombana, vilinyamaza tu kama vimelala, lakini siku walipopewa kiongozi mwenye kuwaachilia kidogo, yale yenye yalifungwa ndani yalitoka kwa nguvu.

Basi mukiona darasa lenye mutoto mumoja anachekwa na wote, anapigwa na wote, kila kosa ni lake, musiulize tu "huyu mutoto ana nini". Muulize vilevile darasa hilo linaongozwa namna gani. Tunajua mwanafunzi mumoja wa shule moja, hatutaitaja. Jina lake liliandikwa katika kaye ya makelele kila juma, kwa miezi mitatu. Kila juma azabu: kuchota maji, kufagia, kukosa masomo. Alikuwa musichana wa kimya. Sababu ilikuwa alikataa kumupa kapita sehemu ya maharagi yake. Darasa zima lilijua. Hakuna mutu alisema, juu kila mumoja alifikiri: kaye ikiwa na yeye, haina mimi. Alikosa masomo mengi, na mwisho wa mwaka alirudi kwao. Hakuna mukubwa wa shule ile aliyejua sababu, kwa maana kaye ilionekana safi, imeandikwa vizuri na tarehe.

Tukirudi kwa Iowa: watoto 20 walipoulizwa ni kiongozi gani walipenda, 19 walimupenda wa shauri kuliko wa amri. Mumoja tu alimupenda wa amri. Alikuwa mutoto wa ofisa wa jeshi. Tunacheka kidogo, lakini si ajabu, kila mutu anapenda chakula cha nyumbani kwao.

Mutu anaweza kupinga, na ni haki yake: watoto 20, wote Wamarekani, tena mwalimu mwenye alikimbia Hitler, si alitaka tangu mwanzo shauri lishinde? Sisi wa milima ya Masisi tunaheshimu wakubwa, tuko na wami na wazee, mambo ya Wazungu haitatufaa. Ulizo hilo ni zuri. Ndiyo maana tulitafuta jaribio la karibu na kwetu, la watu wazima, wakulima kama wazazi wetu.

Tulilipata Uganda. Wachunguzi wawili, Delia Baldassarri na Guy Grossman, walifanya kazi na wakulima 1,543 wa vyama 50 vya kuuzisha mazao pamoja, nao walitangaza matokeo katika 2011 na 2012. Shida ya vyama hivyo wazazi wetu wanaijua. Kama wote wanaleta mazao kwa chama, wanapata bei nzuri. Lakini mufanya biashara akipita njiani na feza mukononi, mumoja anamuuzishia pembeni, na bado anataka faida ya chama. Wote wakifanya vile, chama kinakufa.

Wachunguzi waliigeuza shida hiyo kuwa muchezo, na feza ya kweli. Kila mukulima alipewa feza, akachagua kwa siri kiasi gani atie katika sanduku la wote na kiasi gani abakize kwake. Ya sanduku iliongezwa, kisha ikagawanywa sawasawa kwa wote, hata kwa yule asiyetia kitu. Kwanza walicheza bila mulinzi. Kisha vikundi vingine vilipewa mulinzi mumoja katika wao, mwenye ruhusa ya kupunguza feza ya wenye kuficha. Kwa vikundi vingine mulinzi alitoka kwa kura ya bahati, sawa kuokota karatasi katika kofia. Kwa vingine, wakulima wenyewe walimuchagua.

Walikuta nini? Ya kwanza: kuwa na mulinzi mwenye uwezo wa kuazibu kulikuwa bora kuliko kukosa mulinzi. Tunalisema kwa sauti, kwa sababu kuko ndugu wengine katika madarasa ya juu wanaotaka kaye iondolewe kabisa na kila mutu ajiongoze mwenyewe. Wakulima wa Uganda hawakuwapa haki. Ya pili: kazi ni ileile, uwezo wa kuazibu ni uleule, lakini mulinzi aliyechaguliwa alisikilizwa zaidi kuliko yule wa bahati, na watu walitia zaidi katika sanduku. Kilichoongeza utii ni njia mulinzi aliyopitia kupata kazi ile. Tena si muchezo tu: wale wenye kusikia mulinzi katika muchezo ndio walionekana waaminifu zaidi katika chama chao cha kweli.

Kwa hiyo ile desturi ya kapita kutajwa tu na mutu mumoja, kwa kuwa ni mutoto wa rafiki ao kwa kuwa alikuwa kapita mwaka jana, inamupunguzia yeye mwenyewe nguvu. Anaanza kazi yake na deni.

Hapa tungeweza kumaliza na kusema: chagueni, yote yatakuwa muzuri. Lakini inchi yetu wenyewe imetupa jibu lingine, na ingekuwa uongo kulificha. Tangu 2007 mashirika mawili, International Rescue Committee na CARE, yalileta mupango mukubwa unaoitwa Tuungane katika vijiji vya Kivu ya Kusini, Maniema na Katanga. Kila kijiji kilichagua kamati yake kwa kura, kamati ikapanga na wakaaji kama feza ijenge shule, kituo cha afya ao kitu kingine. Matumaini yalikuwa kwamba watu wakizoea kuchagua na kudai hesabu, wataendelea hivyo hata mupango ukiisha. Vijiji vya kuanza vilichaguliwa kwa kura ya bahati mbele ya watu wote, kusudi baadaye viweze kulinganishwa na vyenye havikupata.

Kisha wachunguzi watatu, Macartan Humphreys, Raúl Sánchez de la Sierra na Peter van der Windt, walifanya jaribio la akili sana. Vijiji 560, vingine vya Tuungane na vingine visivyo, vilipewa kila kimoja dola 1,000, bila masharti makubwa. Wakaangalia: nani anachagua wenye kushika feza? Wakaaji wanajua kiasi? Wakubwa wanakula ngapi? Mutu angengojea vijiji vya Tuungane viwe bora. Katika ripoti yao ya 2012 waliandika kwamba hawakuona tofauti ya kusadikisha. Miaka ya kamati na mikutano, na kijiji kiliendelea karibu sawa na jirani yake.

Juu ya nini? Tunaeleza mawazo yetu. Kamati ilichaguliwa kwa ajili ya mupango, na mupango ulikuwa na mwisho. Mukubwa wa kijiji alibaki mukubwa wa kijiji, na wenye kumuuliza hesabu hawakuongezeka. Kura ni siku moja. Siku zinazofuata ndizo zinaonyesha kama mutu ni kiongozi wa shauri ao wa amri mwenye alipitia kwa kura. Hata shuleni tumeona wenye kuomba kura kwa kugawa mandazi, na juma la pili hawajibu salamu.

Basi kapita akisha kuchaguliwa, afanye nini? Chunguzi mbili zinatosha.

Katika 1990 Allan Lind na wenzake wawili waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu kazi, na kiwango cha kufikia. Kikundi kimoja kiliulizwa mawazo mbele kiwango kiwekwe. Cha pili kiliulizwa kisha kiwango kuwekwa, wakati maneno yao hayawezi kubadilisha kitu tena. Cha tatu hakikuulizwa. Cha kwanza ndicho kiliona haki zaidi, na hilo si ajabu. Lakini hata cha pili kiliona haki kuliko cha tatu. Mutu akisikilizwa, hata kama azabu inabaki, anaondoka na moyo mwingine. Tunaongeza neno: kuko viongozi wenye watatumia hilo kama dawa ya kulaza watu, kusikiliza na masikio huku wamekwisha kukata neno. Watoto wanatambua upesi. Usikilize mbele, wakati neno lingali laini.

Ya pili ni ya Amy Edmondson, mwanamuke wa chuo kikuu cha Harvard. Alichunguza wauguzi katika hospitali mbili za Marekani, juu ya makosa ya kutoa dawa. Alifikiri vikundi vyenye viongozi wazuri vitakuwa na makosa machache. Alikuta kinyume: vikundi vyenye kuongozwa muzuri viliandika makosa mengi zaidi. Alishangaa, mpaka alipofahamu. Haikuwa kwamba wanakosa zaidi. Hawakuogopa kusema. Kwa vile vikundi vingine muuguzi aliyekosea alinyamaza, na daftari ikabaki nyeupe. Alitangaza hayo 1996.

Kwa heshima yote tunaweka habari hii mbele ya walimu vilevile, kwa maana nao ni viongozi. Darasa lenye halileti malalamiko hata moja kwa muhula muzima linaweza kuwa darasa la amani. Linaweza vilevile kuwa darasa la yule musichana wa maharagi. Ukitazama kaye tu hutajua ni lipi. Alama moja inasaidia: muulize kapita jambo ambalo halikuenda vizuri juma hili, katika kazi yake mwenyewe. Kama hana hata moja, mara tatu zote, kuko kitu.

Na kwa wanafunzi wenye watachagua: kumbukeni siku za salongo mwaka jana, wakati tulipasua kuni na mvua ikaanza. Nani alikaa kando na kuhesabu wenye kuchoka? Nani aliuliza wadogo wa darasa la kwanza kama wanaweza kubeba, kisha akabeba mwenyewe? Nani akienda kutafuta shoka lingine, kazi iliendelea nyuma yake? Hayo munayajua bila mwanasikolojia.

Kikundi chetu kimeandikia ofisi ya Prefe barua yenye maombi matatu. Kwamba kura iandikwe katika karatasi na ihesabiwe mbele ya darasa lote, haiwe ya kuinua mikono, kwa sababu mukono unaonekana na usiku ni murefu katika vyumba vya kulala. Kwamba kapita achaguliwe kwa muhula mumoja, akifaa achaguliwe tena. Na kwamba kaye ya makelele, yenye leo ina mistari miwili, jina na kosa, iongezewe mustari wa tatu, ambapo mwenye kuandikwa ataandika yeye mwenyewe maneno yake mbele ya azabu kutolewa.

Maombi mawili ya kwanza yamekubaliwa. Juu ya mustari wa tatu, tulijibiwa kwamba walimu watazungumza katika mukutano wao wa ijumaa.